Sheria ya Kumaliza Vitabu

Ipo nchi moja, na ipo mpaka leo kwa sababu hakuna aliyejitokeza kuifunga, ambayo raia wake walikuwa na ugonjwa wa kuacha vitabu katikati. Ugonjwa huo haukuwa umemsumbua mtu yeyote tangu uhuru. Uligunduliwa na wageni watatu waliokuja na kompyuta zao, wakakaa wiki mbili katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, wakaandika ripoti kwamba katika kila wananchi mia wanaofungua kitabu, tisini na sita hawafiki mwisho. Ripoti yenyewe ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi. Mheshimiwa Rais, Daktari Kagoro Mtwanzi, aliisoma mpaka ukurasa wa tatu, penye mchoro wa rangi, akakasirika sana.

Siku hiyo hiyo alilihutubia taifa. Alisimama mbele ya Hospitali Kuu ya Rufaa, iliyokuwa imejengwa mpaka usawa wa madirisha, akitazamana na Daraja la Umoja, ambalo lilikuwa limeuvuka mto mpaka katikati na kutulia hapo mwaka wa kumi na moja sasa.

"Ndugu wananchi," alisema, "tabia hii ya kuacha mambo katikati sijui mmeitoa wapi."

Wananchi walitazamana. Wenye adabu walitazama chini.

Mwezi haujaisha ikaundwa Wizara ya Usomaji na Ukamilishaji, ikapewa waziri, manaibu wanne, jengo lisilo na paa, na wimbo wake. Bunge likapitisha Sheria ya Kumaliza Vitabu, yenye kurasa mia moja na themanini, kwa dakika kumi na nne, makofi yakiwemo. Likawa kosa kwa mtu yeyote kufungua kitabu na kukifunga kabla ya mwisho bila cheti cha daktari. Adhabu yake kifungo cha miaka mitatu. Wananchi, ambao si wajinga, waliacha kabisa kufungua vitabu, na Wizara ikatangaza kwa furaha kwamba uachaji wa vitabu umeshuka kwa asilimia tisini.

*

Sasa katika nchi hiyo alikuwako mwanamke aitwaye Sikujua Mhando, mkutubi wa mji mdogo wa Ngarambwe. Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja chenye feni mbili, moja ya kuzunguka na moja ya kutazamwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, na kwa miaka ishirini na minne alikuwa akiwafundisha watu wa Ngarambwe jambo ambalo sasa limekuwa jinai: kwamba kitabu kisichokufaa unakifunga, unakirudisha kwa heshima, unachukua kingine.

"Miaka ya kuishi ni michache, mwanangu," aliwaambia, "na vitabu ni vingi. Hukukioa hicho."

Juu ya meza yake palikuwa na daftari kubwa lililoandikwa kwa mkono Daftari la Waliokomea. Aliyeshindwa na kitabu aliandika jina lake, tarehe, ukurasa alipokomea na sababu yake. "Uk. 41. Shujaa analia mno." "Uk. 7. Mwandishi anajua kila kitu, mimi nina kazi shambani." "Uk. 120. Harusi imeshafungwa, nini tena?" Kwa kusoma sababu hizo Sikujua alijua ampe nani nini. Bi Mwajabu, muuza karanga wa kituo cha mabasi, ambaye alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, aliacha vitabu kumi na kimoja katika daftari hilo. Cha kumi na mbili alikimaliza, akaja maktaba asubuhi na macho mekundu, akakaa kwenye benchi kama mtu aliyetoka mazikoni. Tangu siku hiyo alisoma chochote chenye maandishi, hata magunia ya saruji.

Basi siku moja lori la Wizara likashusha pale maktaba nakala mia tatu za kitabu kimoja. Kiliitwa *Nilivyojitolea*. Kilikuwa cha Mheshimiwa Rais mwenyewe, alichokiandika, ilisemwa, kwa mkono wake, usiku, baada ya kazi za taifa. Kilikuwa na kurasa mia nane na kumi na mbili, picha yake juu ya jalada na picha yake nyuma ya jalada, na kila mtu mzima wa Ngarambwe aliamriwa akiazime na kukimaliza kabla ya Sikukuu ya Uhuru.

Sikujua alijitahidi. Alikuwa mtumishi wa serikali na mtu mwenye subira. Alisoma habari za ukoo wa Rais, habari za ng'ombe wa ukoo huo, na sura nzima kuhusu mvua iliyonyesha babu yake Rais alipoposa. Alipofika ukurasa wa thelathini na nane alikifunga, akavua miwani, akavuta daftari lake kwa mazoea ya miaka ishirini na minne, akaandika: "Uk. 38. Mheshimiwa bado hajazaliwa na mimi ninazeeka. Tumeachana kwa amani."

*

Mkaguzi wa Usomaji wa Kanda aliitwa Faraji Mwinjaka. Kabla ya hapo alikuwa Mkaguzi wa Mizani, akaondolewa kwa sababu ambazo mizani yenyewe iliweza kuzieleza. Alikuja maktaba amevaa suti ya kijivu na beji yenye picha ya kitabu kilichofungwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Bwana Mkaguzi. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kwa niaba ya serikali, na serikali haikai." Akatembeza macho kwenye rafu. "Hapa watu wanamaliza?"

"Wanasoma."

"Sikuuliza kama wanasoma. Kusoma ni suala la wizara nyingine. Nauliza kama wanamaliza."

Kabla Sikujua hajajibu, mkono wa mkaguzi ulikuwa umeshalifikia daftari. Akalifungua katikati. Akasoma mistari michache midomo ikimchezacheza, na polepole uso wake ukajaa furaha ya mtu aliyeokota alichokuwa hakitafuti.

"Mama," alisema kwa sauti ya upole iliyotisha, "hii ni orodha ya wahalifu. Majina, tarehe, na kila mmoja amekiri kwa mkono wake!"

"Hiyo ni kumbukumbu ya maktaba, bwana. Hao ni wasomaji wangu. Ni watu wazuri."

"Na huyu wa ukurasa wa thelathini na nane ni mwandiko wa nani?"

Sikujua aliitazama orodha. Yalikuwamo majina mia nne na zaidi. Lilikuwamo la Bi Mwajabu mara kumi na moja.

"Mwandiko wote huo ni wangu," alisema. "Wote, tangu wa kwanza. Majina nimeyabuni mimi, ili nisionekane niko peke yangu."

Hata mkaguzi wa mizani aliweza kuona kwamba miandiko ilikuwa mia nne, mingine ya watoto wa shule, mingine ya wazee wanaotetemeka mikono. Lakini kumkamata mtu mmoja kulihitaji fomu moja, na kukamata mia nne kulihitaji fomu mia nne, kila fomu ikiwa na kurasa sita za kujaza mpaka mwisho. Mwinjaka alifikiri kidogo.

"Nimekuamini," alisema, akatoa pingu.

*

Walimweka mahabusu ya wilaya wiki tatu. Kanuni zilitaka mtuhumiwa apewe nakala ya sheria anayoshitakiwa nayo, akapewa, kurasa zote mia moja na themanini, na hakupewa kitu kingine chochote chenye maandishi. Alianza kuisoma siku ya kwanza, akakomea ukurasa wa kumi na mbili. Ilikuwa imeandikwa na watu waliolipwa kwa neno.

Siku ya nne Bi Mwajabu akaruhusiwa kumwona. Alileta karanga za kukaanga. Alikaa upande wa pili wa dirisha la nondo, mtandio umemshuka mabegani, hakuupandisha.

"Watu wote wanajua ulichokifanya," alisema. "Wanaogopa hata kupita mbele ya maktaba, lakini wanajua."

"Usilie, Mwajabu."

"Silii, nina hasira. Hiyo ndiyo sheria yenyewe? Umeisoma?"

"Nimekomea kumi na mbili. Haisomeki, ndugu yangu."

Mwajabu akaishika nondo. "Wewe ndiye uliyenifundisha kuacha kitabu, na nakushukuru. Lakini hiki si kitabu, Mama Mhando. Hii ni kamba. Isome mpaka uone ncha yake iko wapi. Kwani unadhani wao wameisoma?"

Sikujua alilicheka swali hilo kidogo, kisha akaacha kucheka. Mwajabu alipoondoka, akarudi ukurasa wa kumi na mbili. Alisoma akitafuna karanga moja kwa kila ukurasa, kama mtu anayemeza dawa kwa sukari. Alisoma tafsiri ya neno "kitabu", iliyochukua kurasa tisa, na tafsiri ya neno "katikati", iliyochukua kumi na nne. Siku ya kumi na saba alifika kifungu cha tisini na saba, cha mwisho kabisa, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho. Alikisoma mara moja. Akakisoma mara ya pili kwa sauti. Askari wa zamu akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwanangu," alisema. "Nimepona."

*

Kesi ilikuwa ya kwanza ya aina yake, kwa hiyo Waziri wa Usomaji na Ukamilishaji, Mheshimiwa Pazi Lukindo, alikuja mwenyewe na kamera za televisheni. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya redio, na mezani mbele yake aliweka nakala ya *Nilivyojitolea* kubwa kuliko za kawaida, yenye utepe. Mashitaka yalisomwa na Mwinjaka. Hakimu, Bi Tausi Kiondo, alikuwa mwanamke mwembamba ambaye kwa miaka mingi alikuwa amesikiliza uongo mwingi na kuuandika wote kwa mkono.

"Mshitakiwa, unakubali ulikomea ukurasa wa thelathini na nane?"

"Nakubali, Mheshimiwa Hakimu. Lakini naomba mahakama isome kifungu cha tisini na saba."

Mwinjaka alifungua nakala yake. Ilikuwa mpya kiasi kwamba kurasa zilikuwa bado zimegandana. Wakili wa Wizara naye alifungua yake, na mahakama nzima ikasikia kurasa zikipasuliwa kwa vidole. Hakimu alifika wa kwanza. Akasoma kwa sauti yake kavu:

"'Sheria hii itaanza kutumika siku ile ambayo Waziri mwenye dhamana atakula kiapo mahakamani kwamba yeye mwenyewe amesoma kitabu kimoja, chochote, mpaka mwisho.'" Akainua macho. "Mheshimiwa Waziri, kiapo hicho ulikula lini?"

Nani aliyekiweka kifungu hicho pale chini, haijulikani mpaka leo. Kilipita mbele ya wabunge mia tatu, manaibu wanne na mwanasheria mkuu, wote wakakipigia makofi.

Waziri alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Hakimu, jambo dogo hilo. Nakula kiapo sasa hivi. Nimemaliza hiki hapa, cha Mheshimiwa Rais. Mara mbili."

"Vizuri. Kinaishaje?"

"Kinaisha vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Kwa ushindi," alisema Waziri, akizitazama kamera. "Ushindi wa wananchi wote, wakiongozwa na yeye mwenyewe, kuelekea mbele."

Hakimu akanyoosha mkono, akapewa kile kitabu chenye utepe. Alifungua ukurasa wa mia nane na kumi na mbili. Alisoma kimya. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma na huo. Akavua miwani, akaifuta polepole, akamtazama Waziri kwa namna ambayo daktari humtazama mgonjwa anayeuliza ataruhusiwa lini kwenda nyumbani.

"Hapana," alisema. "Hakiishi hivyo." Akakifunga kitabu.

Waziri hakumwuliza kinaishaje. Kuuliza kungempeleka karibu mno na kusoma. Badala yake aliomba apewe kitabu kingine, kifupi, aape kwa hicho. Ikaletwa hadithi ya watoto wa darasa la pili, ya kuku aliyepotea, yenye kurasa kumi na sita na picha kila ukurasa. Mheshimiwa Lukindo akaanza kuisoma mbele ya taifa zima. Ukurasa wa nne alipiga miayo. Ukurasa wa saba aliomba maji. Ukurasa wa tisa simu yake iliita, akaipokea kwa shukrani, akaongea kwa muda, akarudi na kukiweka kitabu juu ya meza.

"Mheshimiwa Hakimu, nimeshapata picha. Kuku anaonekana."

"Haonekani," alisema Bi Kiondo, ambaye alikuwa na wajukuu. "Sheria haijaanza kutumika. Mama, nenda nyumbani."

Watu wa Ngarambwe walimbeba Sikujua mpaka nje. Yeye alikuwa amekumbatia viatu vyake kifuani, kwani kimoja kilikuwa kimekatika kamba, na alikuwa akilia waziwazi bila kujifuta.

*

Serikali ya nchi ile haikuwahi kushindwa jambo lolote, na haikushindwa hili. Wiki iliyofuata ulitolewa Waraka wa Ufafanuzi. Ulieleza kwamba tatizo lote lilitokana na kutoelewa maana ya neno "mwisho". Kuanzia sasa, mwisho wa kitabu ni pale Mheshimiwa Rais alipokomea. Basi taifa zima lilikuwa limemaliza vitabu vyote, na zikatolewa medali.

Ikabaki kumwuliza Rais alikomea wapi katika *Nilivyojitolea*. Alijibu kwa kujiamini kwamba alipoletewa kitabu chake kutoka kiwandani alikisoma kwa makini sana mpaka ukurasa wa thelathini na nane. Kwa hiyo kurasa za thelathini na tisa mpaka mia nane na kumi na mbili hazikuwapo kisheria. Zikaamriwa kukatwa katika nakala zote za nchi nzima.

Mwinjaka alikuja Ngarambwe kusimamia. Alikaa safari hii, kwa kuwa kazi ilikuwa ndefu, na vijana wawili wa Wizara wakakata kwa visu vya kiwandani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Sikujua alisimama kando akitazama. Mwenyewe alishangaa kuona moyo unamuuma. Kitabu kile hakukipenda, lakini kukiacha kitabu kulikuwa ni baina ya mtu na kitabu, na hapakuwa na kisu hapo.

"Bwana Mkaguzi, makaratasi haya mtayapeleka wapi?"

Waraka haukusema. Mwinjaka alitazama rundo lililofika kiunoni, akalitazama lori lake dogo, akatazama saa. "Mpe huyo mama wa karanga," alisema. "Afungie."

Siku ya tatu Bi Mwajabu alikuja maktaba akikimbia, meza yake ameiacha kituoni bila mwangalizi. Aliweka mbele ya Sikujua karatasi moja yenye doa la mafuta. "Nilikuwa namfungia dereva karanga za robo," alisema akihema. "Si unanijua mimi, siwezi kuona maandishi nikayapita. Soma hapa. Mia nne na kumi."

Sikujua akasoma.

"Msomaji, kama uko hapa, nakusalimu. Mimi si Rais. Mimi ni mtu niliyekodiwa nimwandikie maisha yake, na tangu ukurasa wa arobaini nimekuwa nikimwuliza mambo, anasinzia. Sasa nimefika katikati na nina hakika kwamba hakuna aliyefika nami. Hapa ni kimya kama ndani ya kisima. Kwa hiyo nitaandika niliyoyaona. Nitaanza na daraja, saruji yake ilikwenda kwa nani, kwa majina."

Chini yake majina yalianza.

Sikujua aliiweka karatasi mezani, akailaza kwa kiganja. Alimfikiria mtu yule, ambaye jina lake halikuwako popote juu ya jalada, ameketi pale ukurasa wa mia nne na kumi miaka yote hiyo akisubiri mtu apite.

"Kwa nini hakuyaweka ukurasa wa kwanza?" alisema kwa uchungu. "Tungeyaona sote."

"Angeyaweka ukurasa wa kwanza, wangeyaona wao," alisema Mwajabu. "Kwa wale, hakuna sanduku la chuma lenye kufuli kali kuliko ukurasa wa arobaini."

Kufikia Ijumaa karanga zilikuwa hazipatikani Ngarambwe. Watu walinunua, wakamwaga karanga mfukoni, wakakunjua karatasi. Aliyepata ukurasa wa mia tano na sita alimtafuta mwenye mia tano na saba. Fundi baiskeli alibadilishana kurasa nne za hospitali na ukurasa mmoja wa mke wa pili wa gavana wa benki. Wote walileta walizopata maktaba, na Sikujua, mikono ikimnukia mafuta, alizipanga kwa namba kwenye meza ndefu. Watu waliingia kwa zamu, wakasoma wamesimama, kuanzia upande wa dirisha mpaka upande wa mlango. Hakuna aliyeomba kuondoka. Katika miji mingine nako, ilisikika, vitumbua na samaki vilikuwa vikiuzwa kwa kasi ya ajabu.

Jumatatu Mwinjaka akaja tena. Hakuvaa beji. Alisimama mlangoni hata foleni ikageuka kumtazama, akapita kwa ubavu mpaka kwenye meza ya mkutubi, akainama.

"Mama," alinong'ona, "nimesikia kuna sehemu inayohusu mizani."

"Ipo."

"Wamenitaja?"

Sikujua alimtazama. Alikuwa na haki ya kumcheka, na watu wote mle ndani walikuwa wakimsubiri acheke. Aliinuka, akamshika kiwiko kama alivyomshika msomaji yeyote mgeni, akampeleka upande wa dirisha, mwanzo wa meza.

"Yanaanzia hapa, Bwana Mkaguzi. Hayo ya mizani yako mbele huko, lakini hutayaelewa bila haya."

"Ni kurasa ngapi?"

"Mia nne na tatu. Taratibu."

Mwinjaka alitoa kitambaa akajifuta shingo. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, midomo ikaanza kumchezacheza, na mpaka adhuhuri inaadhiniwa hakuwa ameinua kichwa. Alikuwa mtumishi wa kwanza wa Wizara ya Usomaji na Ukamilishaji kufika mwisho wa kitabu, na wanaosimulia wanasema alipofika mwisho aliuliza, kwa sauti ndogo, kama hapakuwa na nakala nyingine inayoisha tofauti.